Je, Wajua? Gemu Nyingi Bila Orodha

Je, wajua kwamba mbele ya pwani ya Tongoni, karibu na Tanga, Januari 1499, Wareno waliichoma moto merikebu yao wenyewe? Ilikuwa São Rafael, moja ya merikebu za Vasco da Gama, ile ile iliyokwama kwenye mafungu ya pwani hiyo Aprili 1498 wakati wa kwenda India. Wakati wa kurudi mabaharia wengi walikuwa wamekufa kwa maradhi, na waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu tatu. Wakatia nanga, wakahamishia shehena yake kwenye merikebu mbili zilizosalia, na São Rafael ikateketezwa. Kumbukumbu ya safari hiyo inasema walikaa hapo siku 15, na watu wa mji uliokuwa mbele yao, unaotambuliwa kuwa Mtangata, jirani na Tongoni ya leo, waliwaletea kuku wakabadilishana nao kwa mashati na bangili.

Hawakuacha mali ikaungua na chombo. Kijana anayefuta programu ya gemu kwenye simu ili apate nafasi, halafu kesho yake anagundua kuwa msimu wake mzima wa ligi umekwenda na maji, ameteketeza chombo na shehena ikiwa ndani.

Safu ya leo ni ya kila mwenye gemu nyingi kuliko anazozikumbuka: mwenye banda la gemu Ngamiani, Tanga, mwenye eksteno (diski za nje) zilizojaa, mwanafunzi anayebeba gemu kwenye kompyuta mpakato, mama aliyerithi PlayStation 2 ya mwanawe aliyekwenda masomoni. Mali hii inapotea kimyakimya, na sehemu kubwa inapotea kwa mambo yanayozuilika.

Je, wajua kuwa kwenye PlayStation 4 kufuta gemu hakufuti maendeleo yako? Gemu ina mahali pake na sevu ina mahali pake. Ukiirudisha gemu unaendelea pale ulipoishia. Kwenye simu mambo mara nyingi ni kinyume, kwa sababu programu ikiondolewa, folda yake binafsi huondoka nayo. Mfano ulio karibu na wengi ni PPSSPP, programu ya kuchezea gemu za PSP kwenye simu, aliyoitoa Msweden Henrik Rydgård mwezi Novemba 2012. Tangu Android 11 ya mwaka 2020 ibane ruhusa za mafaili, PPSSPP hukuuliza mapema iweke vitu vyake wapi. Usichague njia ya mkato. Tengeneza folda yako mwenyewe, uielekeze huko. Ndani yake utaikuta folda ya PSP, na ndani ya PSP utaikuta SAVEDATA, yenye folda ambazo majina yake huanza na msimbo wa gemu, kama vile ULES au ULUS na tarakimu tano. Hiyo SAVEDATA ndiyo jasho lako. Inakili pembeni kila mwezi, maana ni nyepesi ukiilinganisha na gemu zenyewe.

Je, wajua kwamba gemu inaweza kutoweka kwenye skrini hata kama mafaili yake yote yapo?

Hili nataka nilieleze polepole, kwa sababu ndilo kiini cha ukurasa wa leo. PlayStation 2 ilitoka Japani tarehe 4 Machi 2000 na ikauzwa zaidi ya milioni 155 duniani. Uzalishaji wake ulikoma miaka mingi iliyopita, lakini mashine zenyewe bado zinawaka. Lenzi ya kusomea diski ndiyo huchoka mapema, hivyo watu wengi sasa huchezesha gemu kutoka kwenye flashi au diski ngumu kwa programu iitwayo Open PS2 Loader. Flashi hiyo kwa kawaida imepangwa kwa mfumo wa FAT32, na FAT32 haikubali faili moja lizidi baiti 4,294,967,295. Gemu iliyozidi hapo hukatwa vipande, kila kipande jina lake likianza na "ul". Pembeni ya vipande hivyo kuna kijifaili kimoja kidogo, ul.cfg, na humo ndimo mnaandikwa jina la gemu, msimbo wake na idadi ya vipande. Kila gemu inachukua baiti 64 tu ndani ya orodha hiyo. Gemu 100 ni baiti 6,400, yaani chini ya ujumbe mmoja wa sauti wa WhatsApp.

Sasa anakuja mtu anasafisha flashi. Anaona faili dogo asilolijua, anadhani ni takataka, anafuta. Anachomeka flashi kwenye mashine: skrini tupu. Gigabaiti zote zipo, hakuna gemu hata moja inayoonekana. Wengi hapo hudhani flashi imekufa, wanaifomati, na hapo ndipo hasara inapokuwa ya kweli. Kumbe kilichohitajika ni kuiandika upya ile orodha, na zipo programu za kompyuta zinazofanya hivyo. Kama una flashi ya namna hii, nakili ul.cfg leo, uiweke hata kwenye barua pepe yako.

Je, wajua kuwa jina la gemu katika orodha hiyo haliruhusiwi kuzidi herufi 32? Kwa hiyo jina refu lenye maelezo mengi hukatwa. Weka kwanza kile kinachotofautisha.

Na je, wajua kwa nini flashi ya GB 64 iliyo tupu inakwambia "faili ni kubwa mno" unapotaka kuweka gemu ya GB 5? Ni ile ile FAT32. Diski ya DVD ya tabaka moja hubeba GB 4.7, kwa hiyo gemu nyingi za zama za DVD zinaukaribia mpaka huo au zinauvuka. Dawa yake ni mfumo wa exFAT, ambao Microsoft iliutoa mwaka 2006, ilimradi kifaa chako kinausoma. Kagua kabla ya kufomati, maana mashine za zamani nyingi haziusomi.

Je, wajua kuwa kila diski ya PlayStation ina namba yake ya utambulisho? Itazame kwenye diski au ubavuni mwa kasha. SLES na SCES ni za soko la Ulaya, SLUS na SCUS ni za Marekani, SLPS na SLPM ni za Japani. Huku kwetu diski nyingi zilizoingia ni za mfumo wa Ulaya, PAL, ambao picha yake ilienda mara 50 kwa sekunde wakati ile ya Marekani ilienda 60. Gemu moja inaweza kuwa na misimbo mitatu, na sevu ya msimbo mmoja kwa kawaida haisomeki na msimbo mwingine. Ukiandika msimbo kwenye daftari lako pamoja na jina, umeepuka ugomvi mwingi.

Majina ndiyo yanayoua maktaba za mtaani. Fungua eksteno yoyote ya banda la gemu utakuta "PES mpya", "PES mpya 2", "PES mpya kabisa" na "PES final". Ni gemu moja iliyobadilishwa majina ya wachezaji na jezi mara nne, na hakuna anayejua ipi ni ya lini. Aliyeitengeneza anajua leo, akiulizwa baada ya miezi sita hajui. Andika mwaka, mwezi na siku kwa mpangilio huo, 2025-03-09, na kifaa chochote kitazipanga zenyewe kwa umri.

Je, wajua kuwa vifaa vingi havijui kuhesabu majina? Hupanga kwa herufi ya kwanza, kisha ya pili, na kuendelea. Laiti kifaa cha namna hiyo kingepewa barabara za Ngamiani zenye namba kizipange, kingekutoa Barabara ya 1 kikupeleke ya 10, ya 11, ya 12 na kuendelea, ndipo kikurudishe ya 2. Weka sifuri mbele, 01, 02, 03, na tatizo limekwisha. Kama unatarajia kuvuka mia, weka sifuri mbili.

Je, wajua kwa nini diski ngumu ya TB 1 huonekana kwenye Windows kama GB 931? Hujaibiwa. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1,024.

Lakini kuna wizi wa kweli. Sokoni zipo flashi zilizoandikwa TB 1 au TB 2 kwa bei ya kutupa, ambazo ndani zina uwezo mdogo sana na programu yake imedanganywa itangaze uwezo mkubwa. Unaweka gemu, zinaingia bila kulalamika, kumbe zikifika mwisho wa nafasi halisi zinaandikwa juu ya zile za mwanzo. Unakuja kugundua siku unapotaka kucheza. Programu ya bure ya H2testw kwa Windows, au F3 kwa Linux na Mac, huijaza flashi yote kwa data ya majaribio kisha kuisoma tena, ikakwambia ukweli. Inachukua saa kadhaa. Fanya hivyo kabla hujaikabidhi mali yako.

Je, wajua kwamba kasi ya intaneti na ukubwa wa gemu hupimwa kwa vipimo viwili tofauti? Mtandao hupimwa kwa biti, diski kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Gemu ya GB 100 kwenye mtandao wa megabiti 10 kwa sekunde inahitaji sekunde 80,000, yaani saa 22 na zaidi, endapo mtandao hautayumba hata mara moja. Ongeza na bei ya bando. Ndiyo maana kupakua gemu ile ile mara mbili ni hasara isiyo na sababu.

Hapa kuna habari njema ambayo wengi hawajaitumia. Tangu Februari 2023 Steam, duka la gemu za kompyuta la kampuni ya Valve lililoanza mwaka 2003, linaruhusu kompyuta moja kuivuta gemu kutoka kompyuta nyingine iliyo kwenye mtandao wa ndani wa nyumba au ofisi. Mmoja analipia bando, wengine wenye leseni ya gemu hiyo wanaichukua kwa waya bila kugusa intaneti, isipokuwa kwa uhakiki mdogo. Kwa waya wa gigabiti moja, zile GB 100 zinaweza kuhama kwa chini ya dakika 20 kama diski zote mbili zina kasi. Nalo PS4, tangu sasisho la 4.50 la Machi 2017, linakubali eksteno ya USB 3.0 ya kuanzia GB 250 hadi TB 8, na gemu zinachezeka kutoka humo moja kwa moja. PS5 ni tofauti kidogo: gemu zake unaweza kuzihifadhi kwenye eksteno ya kawaida, ila kuzicheza lazima zirudi ndani.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania na nchi jirani. Ilikuwa siku ya kupima maktaba: gemu ipi inafunguka bila mtandao na ipi haifunguki? Fanya jaribio hilo mwenyewe mara moja kwa mwaka. Zima data, zima waifai, fungua gemu zako moja baada ya nyingine, na kwenye orodha yako weka alama kwa kila inayogoma.

Je, wajua kuwa gemu uliyoilipia mtandaoni kwa kawaida si yako? Umelipia ruhusa ya kuitumia. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2024, iliyoanza kazi Januari 2025, inayokataza maduka ya kidijitali kutumia neno "nunua" bila kumweleza mteja wazi kwamba anapata leseni. Steam ilianza kuonyesha tangazo la namna hiyo Oktoba 2024. Masharti yake pia hayaruhusu akaunti ihamishwe kwa mtu mwingine.

Ruhusa hiyo inaweza kukoma. Gemu ya magari ya The Crew, ya kampuni ya Ubisoft, ilizimiwa seva tarehe 31 Machi 2024 na haikuchezeka tena kwa njia rasmi, hata na mwenye diski, kwa sababu ilitegemea seva kwa kila kitu. Kwa wapenzi wa soka jambo hili liko karibu zaidi: Septemba 2023, mkataba wa kampuni ya EA na FIFA ukiwa umekwisha, gemu za FIFA za miaka ya nyuma ziliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni. Mwenye diski ya FIFA 14 bado anayo. Ambaye hakuinunua mapema hawezi tena kuinunua madukani humo. Nintendo nayo ilifunga maduka ya Wii U na 3DS tarehe 27 Machi 2023, na Microsoft ikafunga duka la Xbox 360 tarehe 29 Julai 2024.

Wapo mtaani wanaouza "gemu za akaunti", yaani unapewa akaunti ya mtu mwingine uiweke kwenye mashine yako. Ni kinyume cha masharti ya wenye maduka, na siku mwenye akaunti akibadili neno la siri, au akaunti ikifungiwa, huna pa kulalamikia. Usiihesabu gemu ya namna hiyo kwenye maktaba yako.

Kuhusu kunakili pia tuambizane ukweli. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania Bara ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA, inazilinda programu za kompyuta pamoja na kazi nyingine za ubunifu. Zanzibar ina sheria yake ya 2003 na ofisi yake, COSOZA. Diski yako uliyoinunua ilinde na uitunze. Kuuza nakala za kazi ya mtu ni jambo jingine kabisa.

Je, wajua kuwa mwaka 2014 mtandao wa habari wa Ars Technica ulikadiria kuwa asilimia 37 hivi ya gemu zilizokuwa kwenye akaunti za Steam hazijawahi kufunguliwa hata mara moja? Watu walinunua wakati wa punguzo la bei, wakasahau. Tiba yake ni ndogo: gawa orodha yako mafungu manne tu, "naicheza", "inasubiri", "nimemaliza" na "siitaki". Steam inayo makusanyo ya kukusaidia kufanya hivyo, na programu ya bure ya Playnite hukusanya mahali pamoja gemu za Steam, Epic, GOG na nyinginezo, ikakuonyesha kama tayari unayo gemu unayotaka kuinunua tena. Nimeona orodha za watu wenye mafungu 30, kwa aina, kwa nchi, kwa rangi ya jalada. Hazidumu. Mpangilio unaodumu ni ule ambao mtoto wa darasa la tano anaweza kuuendeleza ukiwa safarini.

Rekodi ya dunia? Mwaka 2019 Guinness ilimtambua Antonio Romero Monteiro wa Texas, Marekani, kwa mkusanyiko wa gemu 20,139.

Je, wajua kuwa asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa Marekani kabla ya 2010 hazipatikani tena madukani? Utafiti huo ulitolewa Julai 2023 na Video Game History Foundation pamoja na Software Preservation Network. Chukua gemu kumi za utotoni mwako, karibu tisa kati ya hizo zimo humo. Kinachozibakiza ni kazi ya watu binafsi. Mradi wa MAME, ulioanzishwa na Mwitaliano Nicola Salmoria mwaka 1997, umehifadhi maelfu ya gemu za mashine za sarafu. Mradi wa Flashpoint, ulioanza Januari 2018, uliokoa makumi ya maelfu ya gemu za Flash kabla Adobe haijaizika Flash tarehe 31 Desemba 2020.

Watu hawa wana desturi moja ninayoipenda mno: wanaandika kila kitu. Wanaotunza kumbukumbu za diski katika mradi wa Redump hawaridhiki na jina la gemu. Wanaandika msimbo wa ubavuni, nchi, lugha, toleo, hata herufi ndogo zilizochorwa kwenye duara la ndani la diski, zile ambazo unaziona tu ukiigeuza diski kwenye mwanga. Nikisoma orodha zao nayakumbuka makaburi ya nguzo ya Tongoni, yapata 40, ambayo wanaakiolojia wanayahesabu kuwa mkusanyiko mkubwa kuliko wowote wa aina yake pwani ya Afrika Mashariki. Nguzo zile zilipambwa kwa bakuli za kauri kutoka Uchina. Ukienda leo utaona vishimo vya mviringo kwenye chokaa, bakuli hazipo, zimeng'olewa miaka mingi iliyopita. Kama kila bakuli ingekuwa imeandikwa, rangi yake, ua lake na nguzo yake, tungekuwa na cha kuulizia.

Je, wajua kuwa faili linaweza kuwa na alama yake ya kidole? Programu hulisoma lote na kutoa mfuatano wa herufi na tarakimu: CRC32 hutoa 8, MD5 hutoa 32, SHA-1 hutoa 40. Faili likibadilika hata biti moja, mfuatano unabadilika. Weka mfuatano huo kwenye daftari. Siku umeme ukikatika katikati ya kunakili, au eksteno ikichomolewa kwa haraka, utajua papo hapo kama nakala ni nzima. Pia utawagundua mapacha: mafaili mawili yenye majina tofauti na alama moja ni gemu moja, futa moja uokoe nafasi.

Tuna tatizo la pwani pia. Hewa ya chumvi na unyevu wa masika huleta ukungu kwenye diski na kutu kwenye milango ya USB. Diski ziwekwe wima ndani ya makasha yake, mbali na dirisha linaloelekea bahari. Pakiti ndogo za kunyonya unyevu zinazokuja na viatu vipya usizitupe, zitie kwenye boksi la diski. Na kanuni ya 3-2-1, iliyoenezwa na mpiga picha Peter Krogh, inafaa hata huku: nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2, moja ikae nyumba nyingine. Eksteno mbili kwenye droo moja zitaibiwa na mwizi mmoja.

Je, wajua kuwa betri ya saa, ile duara ndogo aina ya CR2032, ingeweza kuifunga PS4? Mwaka 2021 wachezaji walionyesha kuwa betri hiyo ikifa, na mashine isipoweza kufikia seva za Sony ili kurekebisha saa, gemu ziligoma kufunguka. Sasisho la 9.00 la Septemba 2021 liliondoa shida hiyo. Kama una PS4 ya zamani ambayo haijawahi kusasishwa, hilo ni la kuliandika kwenye orodha mbele ya jina lake.

Na gemu zetu wenyewe? Hapa ndipo ninapoumia. Wesley Kirinya wa Kenya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, miongoni mwa gemu za kwanza za pande tatu kutengenezwa Afrika Mashariki. Mwaka 2011 Planet Rackus ya Nairobi ilitoa Ma3Racer, ya mbio za matatu, kwa simu za Nokia. Duka la Nokia lilifungwa na nafasi yake kuchukuliwa na duka la Opera mwaka 2015. Mwaka huo huo Black Division Games walitoa Nairobi X. Kampala, Kola Studios waliuchukua mchezo wa karata wa Matatu wakautia kwenye simu. Ni gemu ngapi kati ya hizo unaweza kuzifungua leo kwenye simu mpya? Gemu za simu hufa haraka kuliko zote. Apple ilipotoa iOS 11 Septemba 2017, programu zote za biti 32 ambazo hazikusasishwa zilikoma kufanya kazi, na Google Play nayo huwaficha wenye simu mpya programu zilizokaa muda mrefu bila kusasishwa.

Kabla ya hapo tulikuwa na gemu za Java, mafaili ya jar yaliyoruka kutoka simu hadi simu kwa Bluetooth. Simu za awali za Nokia za Series 40 hazikukubali jar izidi KB 64. Ndani ya gemu moja ya GB 100 ya leo zingeingia zaidi ya milioni 1.5 za ukubwa huo. Mafaili yale bado yanachezeka: programu ya bure iitwayo J2ME Loader huyafungua kwenye Android. Kinachokosekana ni mafaili yenyewe, ambayo mengi yamelala kwenye simu zilizokufa chaji ndani ya makabati.

Je, wajua kuwa bao limo tayari kwenye maktaba ya kidijitali Ulaya? Mradi wa Digital Ludeme ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, kuanzia 2018 chini ya Cameron Browne, ulitengeneza mfumo uitwao Ludii wenye michezo ya jadi na ya kisasa zaidi ya 1,000. Kila mchezo umeandikwa kwa vipande vidogo vya kanuni, ili kompyuta iweze kuucheza na kuulinganisha na mingine. Bao limo humo, na mashimo yake 32 na kete zake 64. Mwaka 1995 Mholanzi Alexander de Voogt alikwishaandika tasnifu nzima juu ya umahiri wa wacheza bao wa Zanzibar. Inanifurahisha kwamba bao limeandikwa, na inanisikitisha kwamba kalamu nyingi zilitoka mbali.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili. Kama kabatini kwako kuna Nokia ya zamani, usimpe mnunuzi wa vyuma chakavu kabla hujatafuta chaja na kutoa mafaili yake ya jar, ukaandika jina la gemu, mwaka na ulipoipata. Na wewe wa Tongoni, Mwarongo, Kigombe, Pangani au Moa, unayejua mchezo wa kete, wa karata au wa watoto usiochezwa hivyo kwingine, kaa na mkubwa wako anayeujua vizuri, andika kanuni zake kwa Kiswahili, piga picha mashimo na kete zikiwa mahali pake pa kuanzia, ukabidhi nakala kwa mwalimu wa shule ya kijiji na nyingine ubaki nayo.